Gia za Jumapili

Kama Molly angeandika dawa, nyumbani kwa Kiplangat hakuna ambaye angebisha. Angeandika sindano, Kiplangat angetoa pesa papo hapo. Angeandika mafuta ya kupaka, mama yake angempaka mjukuu asubuhi, mchana na jioni, na kuongeza mengine ambayo hayakuandikwa. Lakini Molly aliandika mchezo wa mtoto, kwa kalamu ya bluu, kwenye karatasi ile ile yenye muhuri wa hospitali, na Cherotich, mkewe Kiplangat, alipoipokea alijua kazi imeanza.

"Toy?" aliuliza, akidhani hajasikia vizuri.

"Toy," alisema Molly.

Molly hakuwa daktari hasa. Kazi yake ilikuwa kuifundisha mikono iliyovunjika, iliyoungua au iliyopooza irudi kazini, lakini wagonjwa wote walimwita daktari na yeye alikuwa amechoka kuwarekebisha. Alitoa boksi kutoka chini ya meza akapanga vitu mbele ya Chepchirchir, binti wa Cherotich, aliyekuwa na miaka minne na nusu: ubao wenye matundu, magurudumu ya plastiki yenye meno, na mpini wa kuzungushia. Kisha akaukunjua mkono wa kulia wa mtoto kutoka ndani ya sweta. Kovu lilikuwa limetanda kiganja kizima, jekundu na lenye kung'aa, na vidole vinne vilikuwa vimejikunja kama vinalinda sarafu.

"Angalia, mama. Hii gia ni kubwa kama mfuniko wa kikombe. Ili aishike ni lazima afungue vidole. Halafu aipachike hapa, asukume kwa nguvu. Halafu azungushe huu mpini. Moja ikizunguka inazungusha ingine, na hiyo ndiyo itamfanya atake kurudia. Mimi nikimwambia anyooshe vidole mara hamsini atanikataa."

"Mara ngapi kwa wiki?"

"Kila siku. Nusu saa asubuhi, nusu saa jioni. Mkono huu, si ule. Ule mzuri ukae mfukoni."

"Na atalia?"

"Atalia. Ngozi imevutika, lazima iume. Lakini kulia si kuharibika. Nimekuonyesha mahali pa kuachia."

Cherotich alitazama karatasi. Aliuliza kwa sauti ya chini kama hospitali haina ya kuazima. Molly akamwambia bila ubaya wowote kwamba ziko mbili tu, na kila aliyewahi kuazima hakurudisha. Wanawake wawili waliokuwa wakisubiri kwenye benchi walitazama sakafu, na Cherotich akaona aibu kwa kosa ambalo hakulifanya.

"Mrudi baada ya wiki sita," alisema Molly. "Kama vidole havijafunguka, itabidi daktari wa upasuaji akate hapa kwa kiganja, atoe ngozi kwa paja, apachike. Na akishakua atakatwa tena, maana ile ngozi haikui vizuri na mwili. Mimi ningependa tusifike huko."

Cherotich naye hakupenda wafike huko. Alimfunga mtoto mgongoni, ingawa alishakuwa mkubwa wa kubebwa, akashika njia ya nyumbani.

Bonasi ya chai iliingia wiki ile ile. Katika vilima vya huku, bonasi si pesa kama pesa nyingine. Malipo ya majani ya kila mwezi hununua chumvi na sabuni, yakaisha bila kuaga. Bonasi huja mara moja kwa mwaka, na ni lazima ionekane. Mtu akipokea bonasi halafu nyumbani kwake kusionekane bati jipya, kochi jipya, au angalau ndama aliyetoka soko la Ndanai, majirani huanza kuulizana kama pesa zimelewa. Jirani yao, Mama Noah, alikuwa amenunua seti ya sufuria za kung'aa miaka miwili iliyopita na bado zilikuwa ndani ya karatasi yake.

Kwa hiyo Kiplangat aliisoma karatasi ya Molly mara mbili, akaigeuza kuona kama kuna maelezo mengine upande wa nyuma. Alikuwa mtu wa kusafirisha maziwa ya wakulima kwa pikipiki hadi kwenye kipozeo, mpole, mwenye hesabu zake, na asiyependa kuchekwa.

"Mimi nipeleke bonasi kwa plastiki?"

"Si plastiki, Baba Chep. Ni mkono."

"Si achezee vifuniko vya chupa? Mimi nilikua na vifuniko vya chupa."

"Wewe hukuungua."

Mama yake Kiplangat, Phyllis, ambaye nyumba nzima ilimwita Kogo, yaani nyanya, kwa sababu ya mjukuu, alikuwa anamenya maharagwe karibu na mlango. Hakuinua kichwa. Tangu mtoto aungue, miezi saba ilikuwa imepita, yeye ndiye aliyekuwa akimlisha kwa kijiko, kumvisha, kumfunga viatu, na kumzuia asiguse chochote kigumu.

"Mnunulieni," alisema Kogo. "Kama hospitali imesema, mnunulieni. Lakini iwe kitu ya maana."

Duka lilikuwa mjini Sotik, la Onchiri, Mkisii aliyehamia zamani kutoka upande wa Nyamira. Aliuza mabegi ya shule, sare, na michezo ya watoto iliyoning'inizwa darini kwenye kamba. Msimu huo alikuwa na wateja hadi mlangoni, kwa maana bonasi ina harufu na wenye maduka hunusa kwanza.

"Karibu mzee, karibu mama. Ya shule ama ya zawadi?"

"Ya gia," alisema Kiplangat, akimpa karatasi kama mtu anayekabidhi hati ya shamba.

Onchiri alishusha maboksi matatu. Kiplangat aliyainua moja baada ya jingine, akiyapima uzito mkononi.

"Hii ina pisi ngapi?"

"Mia moja na ishirini, mzee. Elfu mbili na mia tano."

"Na hii kubwa?"

"Hiyo pisi arobaini. Elfu nne na mia mbili."

Kiplangat alicheka kwa dharau ya mtu aliyemkamata mwizi. "Arobaini ndiyo ya bei, na mia moja na ishirini ndiyo rahisi? Wewe umewahi kuona wapi?"

"Pisi zake ni kubwa. Na ni ngumu, haivunjiki."

"Hata viazi kuna kubwa na ndogo, lakini ndoo ni ndoo."

Boksi la tatu lilikuwa na tundu dogo na kitufe ndani yake. Onchiri, ambaye alijua biashara yake, alikibonyeza bila kusema neno. Taa za rangi zikawaka, muziki ukaanza, na magurudumu yote yakazunguka kwa kasi nyuma ya plastiki. Chepchirchir akacheka. Alicheka kwa sauti, kinywa wazi, hata muuza sare wa upande wa pili akageuka kutazama. Tangu aungue mtoto huyu alikuwa akitabasamu mara moja moja tu, kwa uangalifu. Kiplangat alilainika pale pale.

"Umeona?" alimwambia mkewe. "Mwenyewe amechagua. Hii ni bei gani?"

"Elfu tatu na betri yake," alisema Onchiri. "Kizuri chajiuza."

Cherotich pia alikuwa amesikia kicheko, na kilimkata maini. Angeweza kukinunua kwa elfu tatu, waende nyumbani wote wamefurahi. Alisimama pale kwa muda, mkono juu ya kichwa cha mtoto, akitafuta sababu ya kukubali.

"Hiyo inajichezea yenyewe," alisema mwishowe. "Yeye atakuwa anatazama tu. Fungua hizi mbili nimjaribishe."

"Mama, boksi ikifunguliwa imenunuliwa."

"Nijaribishe tu."

"Nitamuuzia nani boksi iliyofunguliwa? Watu wa huku wanataka kitu mpya."

Ndipo Cherotich alipofanya jambo ambalo kwa miezi saba hakuwahi kulifanya mbele ya watu. Alikunja mkono wa sweta la mtoto, akauweka mkono ule juu ya kaunta, kati ya kalamu na risiti. Duka likapunguza kelele. Mwanamke mmoja aliyekuwa akimpimia mwanawe kaptula alimvuta mwanawe nyuma, kana kwamba kuungua huambukiza. Kiplangat akageuka kutazama barabara.

Onchiri alichukua wembe akakata gundi ya maboksi yote mawili.

Chepchirchir alinyoosha mkono wa kushoto. Mama yake akaushika huo wa kushoto akautia ndani ya mfuko wa gauni. Mtoto akatumbukiza ule mwingine kwenye boksi la vipande vidogo, na vidole vyake vilivyojikunja vikaokota kigurudumu kidogo kwa urahisi.

"Hiyo anaweza!" alisema Kiplangat. "Si unaona anaweza? Tununue hiyo anaweza."

"Ndiyo maana si hiyo," alisema Cherotich.

Alimsogezea gia kubwa. Mtoto aliisukuma kwa ngumi, ikateleza. Akaisukuma tena, ikaanguka sakafuni na Onchiri mwenyewe akainama kuiokota. Mara ya tatu vidole vilijaribu kufunguka, ngozi ya kiganja ikawa nyeupe kwa kuvutika, uso ukakunjamana, na gia ikashikika kwa muda wa kuhesabu moja, mbili. Kisha mtoto akaiachia, akaficha mkono.

"Hii," alisema Cherotich.

Kiplangat alilipa. Onchiri hakupunguza hata shilingi kumi, ila alilifunga boksi kwa karatasi ya maua bila kuombwa. Walipofika kwenye pikipiki Kiplangat alisema neno moja tu, na alilisema kama amri: "Sasa isipotee hata pisi moja."

Basi haikupotea hata moja. Kogo alihakikisha.

Sebuleni kwake palikuwa na kabati ya kioo, na ndani ya kabati hiyo mtu angeweza kusoma bonasi za miaka yote, kutoka glasi sita za mguu mrefu hadi chupa ya chai yenye picha ya tausi, kila kimoja juu ya kitambaa chake cha kushonwa kwa mkono. Vyombo hivyo havikuwa vya kutumiwa. Vilikuwa vya kuonekana na, siku askofu akija, vya kunywewa. Kogo alipowaza bei ya boksi lile hakuona mahali pengine pa kuliweka. Alihesabu vipande arobaini, akavipanga kwenye rafu ya katikati, akafunga kabati na kufundika ufunguo kwenye ncha ya leso yake.

"Asicheze na mikono michafu," alisema.

Jioni ya kwanza Cherotich aliomba, akafunguliwa. Alimketisha mtoto mezani, akaufunga mkono wa kushoto kwa kitambaa, akafuata kila alichoambiwa. Baada ya dakika tano Chepchirchir alilia. Baada ya kumi alikuwa akipiga kelele ambazo zilivuka ua hadi kwa Mama Noah. Kogo alitoka jikoni akakusanya vipande kimoja kimoja, bila hasira, akavirudisha kabatini.

"Imetosha leo. Huyu ni mtoto, si ng'ombe ya kulima."

Jioni ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Jioni ya tatu Cherotich alirudi kutoka kuchuma majani akiwa ameloa hadi mifupani, mgongo unauma, na Kogo alipomwambia kwamba mtoto amekunywa uji vizuri na ametulia, asimchokoze, hakubishana. Alikuwa ameolewa miaka mitano tu katika nyumba ile, na mkaza mwana hamwombi mama mkwe ufunguo wa kabati kila siku. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Sababu ya kweli ni kwamba alipata nafuu. Mchelea mwana kulia hulia yeye, walisema wahenga, na ni maneno matamu kweli kwa wahenga ambao hawakupewa zamu ya kumfungulia mtoto vidole.

Ikawa desturi kwamba gia ni za Jumapili. Baada ya ibada, chai ikishaiva, wageni wakishakaa, Kogo alifungua kabati na kulitandaza boksi juu ya meza. Chepchirchir, ndani ya gauni lake la kanisani, alipachika magurudumu kwa mkono wa kushoto, akazungusha mpini kwa mkono wa kushoto, na yote arobaini yakazunguka. Wageni walipiga makofi. Mama Noah aliuliza bei, akaambiwa, akaguna. Kiplangat, aliyekuwa amekaa pembeni na kikombe chake, alionekana kuwa ameridhika na bonasi ya mwaka ule.

Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya sweta muda wote huo.

Wiki sita zilipita. Molly alichukua kipimo chake cha plastiki, akakiweka juu ya kila kidole, akaandika. Kisha akapima tena, maana hakuyaamini aliyoyaandika.

"Mlinunua?"

"Tulinunua, daktari."

"Ile ya gia kubwa?"

"Ile kubwa. Elfu nne na mia mbili."

"Na anacheza?"

"Kila siku," alisema Cherotich.

Uongo ulimtoka laini kabisa. Hakujua kwamba alikuwa nao tayari.

Molly alivuta boksi lake kutoka chini ya meza, akatandaza ubao na magurudumu mbele ya mtoto, akamwambia, "Haya, Chep, nionyeshe unavyocheza nyumbani."

Chepchirchir aliirudisha mikono yote miwili nyuma ya mgongo. Aliyatazama magurudumu kwa hamu, kisha akamtazama Molly kama anayemhurumia mtu mzima asiyejua sheria.

"Leo si Jumapili," alisema.

Chumbani mle kulikuwa na mzee aliyekuwa akifinyanga udongo kwa mkono uliopooza, na hata yeye aliacha kufinyanga. Cherotich aliona afadhali angetukanwa. Molly aliiweka kalamu chini taratibu.

"Mama, mimi niandike nini hapa?"

Cherotich alimvuta mtoto karibu.

"Vimejikunja kuliko mara ya kwanza. Daktari wa upasuaji anakuja baada ya wiki mbili, Ijumaa, na orodha yake inajaa. Naandika jina la mtoto. Mje asubuhi hiyo, nipime kwanza. Nikiona vinaelekea kufunguka, hata kama ni kidogo, nitamwomba daktari atuachie. Nikiona viko hivi, ataingia."

Aliandika jina. Cherotich aliitazama kalamu ikilimaliza, herufi kwa herufi.

Alifika nyumbani saa nane mchana. Kiplangat alikuwa kazini. Kogo alikuwa sebuleni anakunja nguo, na mtoto alimkimbilia akalala mapajani mwake.

"Kogo, naomba ufunguo."

"Leo ni Jumanne."

"Najua. Naomba ufunguo."

"Ikipotea pisi moja, Kiplangat atasema—"

"Ipotee!" Cherotich hakuwahi kuinua sauti ndani ya nyumba ile, na wote watatu walishtuka. "Zipotee zote. Wanataka kumkata, Kogo. Wanataka kutoa ngozi ya paja. Kwa sababu sisi tumeweka mkono wake kwa kabati."

Kogo alishika ncha ya leso yake, lakini hakuifundua. Alimtuma mtoto nje akaangalie kuku. Alipoona ametoka alikaa akitazama mlango, na alipozungumza alizungumza polepole, kwa Kiswahili, lugha ambayo si yake, kana kwamba kwa Kipsigis maneno yangemshinda.

"Siku aliungua mimi sikuwa jikoni."

Miezi minane yote Kogo alikuwa amesimulia kwamba alikuwa pale pale, amegeuka tu kuchukua sufuria, mtoto akateleza.

"Ng'ombe ya jirani iliingia kwa mahindi. Nikatoka kufukuza. Nikasikia analia. Nikadhani analilia chai, maana alikuwa ameomba chai na mimi nikamwambia angoja. Nikasema, wacha alie kidogo. Nikamaliza kufukuza ng'ombe. Nikafunga hata miba kwa ile tundu ya ua." Aliisokota ncha ya leso. "Sikukimbia. Nilirudi nikitembea. Alikuwa amekalia pale kwa majivu, na mkono ndani ya makaa, hajui kutoa."

Nje kuku walipiga kelele, mtoto akicheka nyuma yao.

"Akilia sasa, kwangu ni ile sauti. Hiyo ndiyo sababu. Si pesa."

Cherotich alishikwa na hasira, hasira ya kweli, na alitaka kusema maneno ambayo yangekaa ndani ya nyumba ile hadi mmoja wao azikwe. Aliyameza. Hakusema amesamehe, kwa sababu hakuwa amesamehe, na hakuna aliyemwomba. Alinyoosha mkono.

"Nipe ufunguo, Kogo."

Kogo alifundua leso.

Kesho yake asubuhi, Cherotich alipoenda kuchukua kikapu chake cha kuchumia, hakukikuta. Kogo alikuwa amekwisha kukibeba mgongoni na kufunga karatasi ya nailoni kiunoni kuzuia umande. Alikuwa na miaka sitini na minane na magoti yaliyolalamika hata kwenye ngazi za kanisa.

"Nitachuma mimi," alisema. "Wewe kaa naye."

Na akaenda. Chai yao ilianzia nyuma ya nyumba, lakini Kogo alipita mistari yote ya juu akateremka hadi ile ya chini kabisa, karibu na mto, ambako maji yana kelele. Wachumaji wa jirani walimtania kama bonasi imeisha mapema hivyo, au kama mwanawe ameoa mke wa pili anayelala hadi mchana. Hakuwajibu. Alijaza kikapu nusu hadi saa sita, akakipeleka kituoni kupimwa, karani akacheka, akarudi mtoni tena.

Nyumbani Cherotich alifanya kazi yake. Aliufunga mkono wa kushoto. Aliketi upande wa pili wa meza na kungoja. Mtoto alilia, alitupa magurudumu, alimuuma mama yake kwenye kifundo cha mkono hadi meno yakabaki. Alimwita Kogo. Alimwita baba yake. Siku ya nne alisema waziwazi, "Mama ni mbaya," akilitamka kila neno, na Cherotich alisema, "Sawa. Shika hii." Usiku Kiplangat, aliyesikia habari nzima na hakujua aitie wapi mikono yake, alimuuliza mkewe kama ni lazima iwe hivyo. "Kaa naye wewe kesho," alijibiwa. Alikaa naye. Alivumilia dakika kumi na mbili, akatoka nje kwenda kukagua pikipiki isiyokuwa na tatizo.

Katikati ya wiki ya pili kipande kimoja kilipotea, gia ya njano, na hakuna aliyeitafuta.

Alhamisi, siku moja kabla ya kurudi hospitalini, mvua ilianza saa saba. Ilipiga mabati kwa nguvu kiasi kwamba Kogo aliingia bila kusikika, maji yakimchuruzika, kikapu kitupu begani. Chepchirchir alikuwa mezani analia. Alipomwona aliruka kitini, akamkumbatia miguu kwa mkono mmoja ulioweza kumkumbatia, maana mwingine ulikuwa umefungwa.

"Kogo, mama ananiumiza. Mwambie aache. Kogo, funga kabati."

Cherotich hakuinuka. Alikuwa amechoka kiasi kwamba kama Kogo angembeba mtoto wakati ule na kumtoa nje, angewatazama tu wakienda. Kogo mwenyewe alikwisha kuinama. Mikono yake, yenye weusi wa utomvu wa chai kwenye vidole, ilikuwa tayari chini ya makwapa ya mtoto. Ilikaa hapo. Kisha akamgeuza akamrudisha kwenye kiti, naye akavuta kigoda akaketi mbele yake, karibu sana, nguo zake zikilowesha sakafu.

"Onyesha Kogo," alisema.

Mtoto alimtazama haamini. Akalia kwa sauti ya juu zaidi, sauti ambayo kwa zaidi ya miezi minane ilikuwa ikifungua kila mlango wa nyumba ile. Kogo alijiziba mdomo kwa leso. Macho hakuyaondoa.

Mtoto alipoona hakuna anayekuja, alinyoosha mkono. Vidole vilifika juu ya gia kubwa, vikasita, vikafunguka. Havikufunguka vyote, kidole cha mwisho kilibaki nyuma, lakini chini ya vile vingine ungeweza sasa kupitisha kidole cha mtu mzima, na wiki mbili zilizopita hungeweza kupitisha hata kijiti. Akaishika. Akaipachika, akasukuma kwa uzito wa mwili wote. Akahamia kwenye mpini, akaukamata, na huku kamasi na machozi vikimfika kidevuni akauzungusha mzunguko mmoja mzima. Gia ya kwanza ikasukuma ya pili, ya pili ikasukuma ya tatu.

Aliachia, akamtazama nyanya yake, akingoja kubebwa.

Kogo alishusha leso mdomoni.

"Tena," alisema.